Dawa Iliyomfaa Fundi Makochi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati, kitambaa kimechanika na mbao zinalia, alilizunguka polepole, akaligongagonga kwa vidole, kisha akasema, "Huyu atapona." Wateja walicheka, lakini kweli makochi yalipona.

Mumewe alikuwa kinyozi. Walifanya kazi katika chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara. Upande mmoja kulikuwa na kioo, kiti cha kuzunguka na mashine za kunyolea. Upande wa pili kulikuwa na mbao, sponji, vitambaa na cherehani. Katikati walitundika pazia, ila pazia halizuii maneno. Kinyozi akimnyoa mtu huku, Fundi anachangia mazungumzo kule.

Fundi alikuwa na kisukari. Alikuwa na dawa zake za kumeza, lakini kazi ikizidi alizisahau. Na kazi ikizidi, alisahau pia kwenda chooni. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, na ufunguo ulikaa kwa mpangaji wa chumba cha mwisho. Kwa hiyo Fundi alijibana. Hata maji alikunywa kwa uchoyo.

"Nikinywa maji nitashinda njiani," alisema. "Kochi litajishona lenyewe?"

Mwaka ule alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Shule ya jirani ilimpa viti vyote vya ukumbi wake avitengeneze upya. Alivipanga ukutani, kimoja juu ya kingine, mpaka karibu na dari. Kila asubuhi alivitazama kwa furaha, kisha akajifunga kanga kiunoni na kuanza.

Siku moja mkojo ulianza kumchoma. Alikwenda chooni, yakatoka matone tu. Baada ya muda mfupi akabanwa tena. Chini ya kitovu palimuuma.

"Baba watoto," aliita kutoka nyuma ya pazia, "hii haja ndogo inaniunguza kama pilipili."

Kinyozi alifungua droo chini ya kioo. Droo ile ilijulikana na wateja wote. Aliyebakiwa na vidonge nyumbani alivileta. Mwenye shida alichukua. Hakuna aliyeuliza jina la dawa wala tarehe ya kuharibika. Wote waliona ni wema tu, watu kusaidiana.

"Mpe zile za rangi mbili," alishauri mteja aliyekuwa kwenye kiti, povu likiwa limemjaa kidevuni. "Mimi zilininyanyua palepale."

"Wewe uliumwa nini?" Fundi aliuliza.

"Jino."

Walicheka wote. Hata hivyo Fundi alimeza zile za rangi mbili. Kesho yake alipata nafuu. Zilipoisha zile chache zilizokuwamo, aliendelea na viti vyake.

Haukupita muda mrefu, mkojo ukaanza kuchoma tena. Safari hii alimeza vidonge vyeupe vikubwa. Akapata nafuu, akaviacha. Ugonjwa ukarudi. Akameza vya manjano. Safari hii hata hiyo nafuu hakuiona.

"Mwili wangu umezizoea hizi dawa," alilalamika.

"Basi tutafute kali zaidi," Kinyozi alisema. Alimpenda mkewe, na kila alipomwona ameshika tumbo aliona uchungu. Lakini alichojua kufanya ni kupekua droo tu.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya joto kali. Watu barabarani walikuwa wakijipepea. Fundi alikuwa amejitanda kanga mbili, meno yanagongana. Alikuwa ametapika chai yote. Ubavuni, chini ya mbavu upande wa nyuma, palimuuma mpaka hakuweza kunyooka. Bado alishikilia nyundo.

Mteja mmoja aliingia. Alikuwa dada anayefanya kazi katika maabara ya hospitali, na alifuata kochi lake. Mtaani walimwita Dada Maabara.

"Shikamoo, mama. Lile kochi langu limepona?"

"Marahaba, mwanangu. Lako limepona. Mimi ndiye..." Fundi hakumaliza. Nyundo ilimtoka mkononi ikaanguka.

Dada Maabara alimshika akamkalisha. Aligusa paji la uso wake. "Mama, unawaka! Umeanza lini hivi?"

"Ni mkojo tu unanisumbua. Unakuja, unaondoka."

"Mgongo unauma?"

"Huku ubavuni. Kama nimepigwa teke."

"Una kisukari, si ndiyo?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Kinyozi alikuwa tayari amefungua droo na mkono umezama ndani.

"Usimpe kitu, baba!" Dada Maabara alisema. Hakupiga kelele, lakini mkono wa Kinyozi ulisimama. "Samahani kwa kukukatisha. Nakuomba usimpe hata kidonge kimoja zaidi. Amekwisha meza zipi?"

"Hizi. Na hizi. Na zile za rangi mbili zimekwisha, imebaki pakiti tu."

"Basi beba droo yenyewe twende nayo. Daktari atataka kuziona."

"Twende wapi?" Fundi aliuliza. "Viti vya shule nitamwachia nani? Nimeahidi."

"Mama, viti vinaweza kungoja. Figo hazingoji. Homa ya namna hii, na kutetemeka hivi, ina maana vijidudu vimetoka kwenye kibofu vikapanda juu. Vikiingia kwenye damu, tunaweza kukupoteza."

Fundi aliangalia viti ukutani. Aliangalia uso wa mumewe, akaona midomo inatetemeka.

"Funga duka," Fundi alisema. "Nipe mkono nisimame. Nikienda leo, nakwenda kutibiwa hasa. Nimechoka kubahatisha."

Walikwenda. Kinyozi alimshika mkewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikumbatia droo kifuani. Watu waliowaona njiani walidhani wanahama.

Hospitalini daktari hakuwachelewesha. Alipima joto, presha na mapigo ya moyo. Alipima sukari, akakunja uso. Ilikuwa juu sana. Alimgonga kidogo ubavuni, Fundi akaruka.

Kisha alivitazama vidonge vilivyokuwa kwenye droo.

"Hizi ni antibiotiki, dawa za kuua vijidudu," alisema, akitenga baadhi yake. "Hii pia. Hii ni ya minyoo. Hii imeharibika zamani. Na hii... baba, hii ni ya kuku."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Kuna mteja wangu anafuga."

Fundi alikuwa mgonjwa, lakini alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Kinyozi hakulisahau.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "kwa nini nilikuwa napona halafu inarudi? Mwili wangu umezizoea?"

"Si mwili wako uliozizoea, mama. Ni vijidudu. Ulimeza dawa kidogo, vilivyo dhaifu vikafa. Vigumu vilibaki. Ukaacha dawa, vile vigumu vikazaana. Ukaja na dawa nyingine nusunusu, mambo yakawa yaleyale. Sasa huenda una vijidudu ambavyo dawa nyingi haziviwezi. Huo ndio tunaouita usugu."

"Lakini jirani yetu aliumwa hivihivi," Kinyozi alisema. "Alipewa vidonge vya siku chache, akapona."

"Inawezekana kabisa. Mwanamke mwenye afya njema, ugonjwa ukiwa kwenye kibofu tu, hutibiwa kwa urahisi. Wa mkeo ni mzito. Ana kisukari, na ugonjwa umefika kwenye figo. Wapo na wengine ambao hatuwatibu kwa wepesi huo. Mjamzito. Mwenye mawe kwenye figo. Mzee ambaye tezi dume inambana njia ya mkojo. Mtu aliyewekewa mpira wa kutolea mkojo. Hao wakiona dalili, waje upesi. Wasingoje homa."

Muuguzi alimpa Fundi kichupa safi chenye kifuniko. "Jioshe kwanza sehemu za siri kwa maji safi," alimweleza. "Mkojo wa mwanzo uache uende. Kinga ule wa katikati. Usiguse ndani ya kichupa. Tunataka vijidudu vya ndani ya mwili, siyo vya mkononi."

"Na dawa?" Kinyozi aliuliza. "Mpe dawa kwanza, anaumia!"

"Tunampa sasa hivi. Lakini mkojo na damu vinatangulia. Tukianza na dawa, vijidudu vinaweza kujificha, tukashindwa kuviotesha maabara na kuvijua."

Walichukua mkojo. Walichukua na damu. Mara baada ya hapo Fundi alitundikiwa maji, akachomwa sindano ya antibiotiki, akaanza kutibiwa sukari. Alipelekwa pia kupimwa figo kwa picha. Figo moja ilikuwa imevimba kidogo, lakini hapakuwa na jiwe wala usaha.

"Sindano hii ni ya kuanzia," daktari alisema. "Tumeichagua kwa sababu huviweza vijidudu vingi vya ugonjwa huu. Maabara ikitoa jibu, tunaweza kuendelea nayo au kuibadilisha."

Kesho yake homa haikushuka. Siku iliyofuata ilishuka kidogo, ikapanda tena. Kinyozi hakuweza kukaa. Alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kitandani.

"Tuondoke," alisema hatimaye. "Kuna mteja wangu anajua duka wanakouza sindano mpya. Kali kuliko zote. Chupa moja tu, anasema, hata maiti anaamka."

"Kaa chini, baba watoto."

"Nikae vipi na wewe unaungua?"

Fundi alijiinua kwa kiwiko. Jasho lilimtiririka shingoni. "Nisikilize. Ulinipa za rangi mbili kwa sababu ya jino la mtu. Ukanipa nyeupe. Ukanipa manjano. Nusura unipe ya kuku. Sikulaumu, maana na mimi nilifungua kinywa. Lakini safari hii tunangoja jibu. Mimi sitoki kitanda hiki mpaka nijue ni dawa ipi inayowaua hawa wadudu wangu. Ukitaka kutembea, tembea mpaka maabara ukaulize."

Kinyozi alikwenda.

Dada Maabara alikuwa kazini, amevaa koti jeupe na glavu. Hakumruhusu kuingia, lakini alimsimamisha kwenye dirisha la kioo. Akanyanyua kisahani cha mviringo chenye mfuniko. Ndani yake kulikuwa na kitu kama utando wa ukungu. Juu ya utando kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kama kifungo cha shati.

"Baba leo kawa mwanafunzi," alisema kwa utani. "Huu ukungu ndio vijidudu kutoka kwenye mkojo wa mama. Tumeviotesha. Kila karatasi ina dawa tofauti. Sasa angalia mwenyewe. Hii hapa ni ileile ya rangi mbili."

Kinyozi alisogeza pua mpaka ikagusa kioo. Ukungu ulikuwa umeota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama vile hapakuwa na kitu.

"Havikufa?"

"Hata havikushtuka. Na hii ni ile sindano tuliyoanza nayo. Nayo imeshindwa. Nimemaliza kuisoma sasa hivi na daktari nimekwisha mpigia simu. Lakini tazama hizi nyingine."

Karatasi nyingine zilikuwa zimezungukwa na duara safi. Ukungu ulikuwa umekaa mbali.

"Ahaa!" Kinyozi alisema kwa sauti mpaka mtu aliyekuwa kwenye foleni akageuka. "Basi ile yenye duara kubwa kuliko zote ndiyo bingwa. Ampe hiyohiyo!"

Dada Maabara alitikisa kichwa. "Hapo ndipo wengi wanapokosea. Haya si mashindano ya nani ana duara kubwa. Kila dawa ina kipimo chake. Dawa moja yenye duara dogo inaweza kufaa, na nyingine yenye duara kubwa zaidi isifae. Mimi kazi yangu ni kusema zipi zinaviweza vijidudu hivi. Daktari atazilinganisha aone ipi inamfaa mama."

Kinyozi aliporudi wodini alimkuta daktari amekwisha fika, amevuta kiti karibu na kitanda.

"Zimebaki dawa tatu zinazoviweza," daktari alikuwa akieleza. "Nataka mzielewe wote wawili. Ya kwanza ni ya kumeza. Ni nzuri sana ugonjwa ukiwa kwenye kibofu, lakini haifiki vya kutosha kwenye figo. Kwako haitoshi."

"Hiyo iondoe," Fundi alisema.

"Ya pili ni sindano mpya, kali."

"Hiyo sasa!" Kinyozi alidakia. "Kwa nini mnaificha?"

"Hatuifichi, baba, tunaitunza. Kuna wagonjwa ambao maabara inaonyesha dawa zote zimeshindwa isipokuwa hiyo. Tukiitumia ovyo, vijidudu vitaizoea nayo, na siku hiyo hatutakuwa na kitu cha kumpa mtu. Leo ni mgonjwa mwingine. Kesho anaweza kuwa mama."

Kinyozi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ya tatu ni ya zamani. Watu wengi wameisahau. Vijidudu vyako vinakufa mbele yake, na kwenye figo inafika vizuri. Ipo ya sindano, na ipo ya vidonge. Nimeangalia vipimo vya figo zako, zinaimudu. Umewahi kudhurika na dawa yoyote? Vipele, kuvimba uso, kupumua kwa shida?"

"Hapana."

"Dawa zako za sukari nazo hazigombani nayo, ila tutapima sukari mara kwa mara. Nashauri tuanze nayo kwa sindano. Homa ikishuka na ukiweza kula, utaendelea na vidonge nyumbani."

Fundi alimgeukia mumewe. "Kumbe dawa nzuri si lazima iwe mpya."

"Dawa nzuri ni ile inayoua vijidudu vyako, inayofika mahali vilipo, na isiyokudhuru wewe."

"Basi nipe hiyo. Nami nakuahidi, sitaacha hata kidonge kimoja."

Walibadilisha sindano saa ileile. Haikuwa muujiza. Siku ya kwanza alitetemeka bado. Siku iliyofuata aliomba uji, akaumaliza, akauliza kama kuna mwingine. Homa ilishuka na haikupanda tena. Alipokaa kitandani bila kushika ubavu, Kinyozi alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, akalia kimyakimya kwa dakika chache. Kisha alinawa uso, akaichukua ile droo, akaipeleka dirisha la dawa.

"Naomba mziharibu zote," alimwambia mfamasia. "Nirudishie droo tu. Nitaweka vitana."

Fundi aliporudi nyumbani alibeba vidonge vyake. Mwalimu wa ile shule alikuwa amekubali kungoja viti. Baada ya siku chache za kumeza dawa, Fundi alijisikia mzima kabisa. Mteja mmoja alimwambia kutoka kwenye kiti cha kunyolea, "Mama Fundi, umepona. Za nini tena? Pumzisha tumbo."

Fundi alifunua pazia, nyundo mkononi. "Kochi nikiliacha nusu, utalilipia?"

"Aa, siwezi."

"Na mimi siwezi kuacha dawa nusu. Nyoa, nyamaza."

Alimeza mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa. Alirudi kliniki, akapimwa, akaonekana yuko sawa. Sukari yake ilianza kutulia, kwa sababu sasa dawa za sukari alizimeza asubuhi kabla hajagusa kitambaa. Chupa ya maji ilikaa juu ya cherehani. Aliomba ufunguo wa pili wa choo, akautundika shingoni kwa uzi wa kushonea makochi. Akibanwa, anakwenda, hata kama mteja yuko katikati ya sentensi. Viti vya ukumbi alivikamilisha, akavigonga kimoja kimoja kabla ya kuviachia.

Miezi kadhaa baadaye, mzee mmoja wa mtaani alikuja kunyolewa. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo kwa sababu ya tezi dume, na mfuko wake aliuficha chini ya kanzu. Kinyozi alianza upande wa kulia. Alipofika katikati ya kichwa aliona mzee anatetemeka.

"Mzee wangu, unaona baridi?"

"Kidogo tu. Tangu jana. Na mkojo umekuwa kama matope. Huna vidonge viwili vya kunisukuma, mwanangu?"

Kinyozi alizima mashine. "Mama watoto!" aliita. "Toka huko. Tunakwenda hospitali."

"Sasa hivi?" mzee aliuliza. Alijitazama kwenye kioo. Nusu ya kichwa ilikuwa inang'aa, nusu ina mvi tele. "Hebu malizia basi. Watu watanicheka!"

Fundi alikuwa amekwisha toka nyuma ya pazia, akimkamata mzee mkono. "Wakucheke, baba. Lakini wakucheke ukiwa hai. Umemeza chochote?"

"Bado."

"Vizuri sana. Usimeze. Kwanza watachukua mkojo."

Walimpeleka hivyohivyo, nusu kipara, barabara nzima ikitazama. Madaktari walimbadilishia mpira, wakachukua mkojo wake, wakauotesha, wakampa dawa iliyomfaa. Haikuwa ile ya Fundi. Vijidudu vyake vilikuwa vingine, na dawa yake ikawa nyingine.

Alipotoka hospitali, mzee alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi. Aliketi kwenye kiti, akavua kofia.

"Haya," alisema. "Nimemaliza dozi yangu yote. Na wewe malizia yako."